Mwalimu wa Kwaya na Waya wa Sauti

Mwalimu wa Kwaya alinichosha. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani naandika sifa za msibani. Miaka yote tuliyokaa jirani hapa Ijuganyondo, kibanja chake cha migomba kikigusa changu, haikupita wiki bila yeye kuniambia kuna kitu nimekichagua vibaya. Jembe, vibaya. Jogoo, vibaya. Mkungu wa kupikia wageni, vibaya, na mimi ndizi nazipika tangu sijajua kujifunga kitenge.

Akija kwangu nampa kahawa ya kutafuna, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyompa mgeni. Wengine huchukua mbili tatu wakashukuru. Yeye huzimwaga kiganjani, akazigeuza kwa kidole kama anatafuta chawa.

"Mae, hizi zilichemshwa na majani gani?"

"Majani yaleyale ya mama yangu, Mwalimu."

"Yalipungua."

Kisha anazitafuna zote, mpaka ya mwisho, na kuondoka na nyingine mfukoni.

Alikuwa na masikio ambayo hata popo angeyaonea wivu. Siku moja sufuria iliniponyoka jikoni. Kesho yake akapita njiani, akasimama, hata salamu bado: "Ile sufuria kubwa, umeitazama vizuri? Imelia kama yenye ufa." Nikamwambia aende zake. Jioni nikatia maji, yakavuja. Sasa niambie wewe, mtu kama huyo unamchukia au unamshukuru? Mimi nilimchukia kidogo, kisha nikampelekea rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu ufa ule ungenimwagia mchuzi mbele ya wakwe.

Kanisani ndiyo usiseme. Kwenye harusi moja alisimamisha kwaya katikati ya wimbo, bibi harusi amekwisha kuingia mlangoni, shela imeshikwa na watoto, mama mzazi analia. Mwalimu akainua mkono. Kimya. Akageukia kina mama wa sauti ya pili. "Kuna mmoja hapo anamimina uji kwenye chai yangu. Anajijua." Bibi harusi akabaki na mguu mmoja mbele, kama kuku anayefikiri. Wimbo ukaanzwa upya. Na kweli ulikuwa mtamu kuliko mwanzo, ndiyo maana watu walishindwa kumpiga.

Na mtu huyohuyo, nyumbani kwake, alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, antena yake uma wa kulia chakula. Inakoroma kama chura aliyefungiwa koponi. Nikamuuliza, "Mwalimu, wewe mwenye masikio ya dhahabu, hii unaisikilizaje?"

"Hii ni ya habari. Habari mbaya haina haja ya sauti nzuri."

Alikuwa na maneno kama hayo, ya kukufunga mdomo. Mengine hayakuwa na maana yoyote, ila aliyasema taratibu na macho ameyafumba, basi watu wakayabeba nyumbani.

Alikuwa pia mshenga. Vijana wengi wa huku na wa Kitendaguro waliozeshwa kwa mdomo wake. Akitumwa kumtazama binti hakuuliza shule wala kazi. Alisikiliza nyumba. Mahali pamoja alikataa posa kwa sababu mlango ulilia ukifunguliwa. Akarudi na kuwaambia wazee, "Watu wasiotia mafuta bawaba watatia mafuta ndoa?" Binti yule akaolewa na mwingine, na hadi leo wanakaa vizuri, na mlango unalia vilevile.

Lakini mke wake mwenyewe, marehemu, aliniambia jinsi alivyochaguliwa. Ilikuwa msibani. Alikuwa amebeba maji, akapita mbele yake, Mwalimu akamwambia mjomba wake, "Yule." Basi. Jua halijatua, habari imekwisha. Wakaishi kwa amani mpaka tulipomzika kwenye kibanja chao. Kitu kikubwa kuliko vyote maishani mwake alikichagua kwa kupepesa jicho. Waya wa spika ndio uliomshinda.

Kabla sijafika kwenye waya lazima niseme habari ya mjukuu wangu, maana bila yeye waya ule ningeutupa chooni.

Kemilembe nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na tangu siku ile maneno yakawa yanamkwama. Anataka kusema maji, anabaki "ma, ma, ma," jasho linamtoka, watoto wenzake wanacheka. Mwalimu wa Kwaya alimsikia siku moja akijaribu kumuita mbuzi. Akaja moja kwa moja. "Mae, nipe huyu. Anayekwama akisema hakwami akiimba." Akamchukua kwenye kwaya ya watoto. Mwaka haukuisha, Kemi anaimba peke yake mbele ya kanisa zima, neno halimkwami. Kusema kukafuata polepole. Hakupona kabisa, ila alijifunza kuishi na kigugumizi chake.

Sasa huyohuyo Mwalimu, wanawake walipoanza kubarikiwa uchungaji, alisema wazi: "Mwanamke aimbe, afundishe, hata sadaka ahesabu. Madhabahuni hapana." Nikamjibu, "Mwalimu, waliofika kaburini kwanza walikuwa wanaume?" Akasema hilo ni jambo lingine. Kila alipobanwa lilikuwa jambo lingine.

Kemi alipokwenda kusomea uchungaji, Mwalimu alianza kupita njia ya chini ili tusionane. Mimi nikawa napita hukohuko kwa makusudi. Kisha msimu wa senene ukaingia, wale panzi wetu wa kula. Nikamwona anakuja na furushi la jani la mgomba, senene wamekaangwa wakakauka vizuri. Akaliweka mezani. "Mpelekee mtoto. Chuoni hawana chakula." Nikamwambia, "Si ulisema hapana?" Akasema, "Nimesema madhabahuni. Sikusema asile."

Huyo ndiye mtu ninayemsema.

Basi ikafika wakati Kemi abarikiwe, huko Dodoma alikopangiwa kazi. Mimi nyonga yangu imekufa, safari ndefu ya basi siiwezi, ndege siitaki. Mwanangu Byera akasema, "Mama, usilie. Kanisa lile linarusha ibada kwenye mtandao. Nitakuletea televisheni kubwa na hom thieta, utamsikia Kemi kama yuko sebuleni."

Hilo la kumsikia ndilo lililonikamata. Picha zake ninazo ukutani. Katika ibada ile kuna mahali wanaulizwa, na kila mmoja anajibu peke yake, mbele ya watu wote. Nilitaka kusikia akijibu. Nilitaka kujua kama neno litatoka au litamkwama. Nilikuwa nimelingoja tangu siku za yule mbuzi.

Byera akaja kweli. Akaweka televisheni, akaweka kidude cha intaneti, akanionyesha kitufe cha kubonyeza. Spika akazipanga, ndefu kama wasichana wa sekondari mstarini. Kazini kwake wakampigia simu arudi haraka. Akaniachia boksi. "Mama, waya wa sauti umo humu. Unachomeka huku kwenye televisheni, na huku kwenye hom thieta. Basi, umemaliza."

Umemaliza! Mwalimu alikuwa amekaa palepale anatafuna kahawa zangu. Byera hajafika barabarani, yeye ameshautoa waya, ameushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Huu?"

"Ndio uliokuja na boksi."

"Waya wa bure, Mae, ni kama mchumba aliyejileta mwenyewe. Jiulize kwao wamemchoka nini. Na ni mfupi. Spika haziwezi kukaa ubavuni mwa televisheni, sauti inazaliwa kibeti. Zinatakiwa kule, ukuta wa mlangoni, sauti ipate kifua."

"Byera amesema unatosha."

"Kijana wako anajua kununua. Kusikia hajui."

Nikampa nafasi, kwa sababu ya yale masikio. Tukaenda mjini, mimi na fimbo yangu, kwenye duka la Bi Zuhura. Bi Zuhura babu zake walitoka pwani, ulimi wake una asali na wembe. Mwalimu akamwambia anataka waya wa kutoa sauti kwenye televisheni kuipeleka kwenye hom thieta. Mama wa watu akatandaza mezani vyote alivyonavyo. Kulikuwa na zile za vichwa vya rangi, nyekundu na nyeupe, ambazo Mwalimu alizisukuma kando akisema zimezeeka kabla yake. Kulikuwa na mwembamba unaopitisha mwanga badala ya umeme. Huo aliuchungulia kama tundu la ufunguo, akasema ukikunjwa tu umevunjika, na nyumba yangu ina mbuzi. Kulikuwa na zile za HDMI, nyembamba, nene, zilizovikwa kitambaa kama soksi, zenye kichwa cha dhahabu. Mwalimu akazishika mmojammoja. Akazipima uzito. Akazikunja. Akazinusa, Mungu wangu, watu wanamtazama.

"Hii dhahabu inafika mpaka ndani, au ni ya kutongozea?"

"Ndani shaba, baba, kama sisi sote," akasema Bi Zuhura.

"Mbona mwepesi?"

"Mzee wangu, waya unaubeba au unauchomeka? Kama unataka kuoa sema, nina shangazi yangu hajaolewa. Huu ni waya tu."

"Shangazi akinishinda nitamrudisha kwao. Wewe hapo ukutani umeandika mali ikiuzwa hairudi."

Duka zima likacheka, mimi pia nikacheka. Kisha tukatoka mikono mitupu na nikaacha kucheka.

Tulirudi tena. Tukatoka tena. Bi Zuhura akawa akituona mlangoni anamwambia msaidizi wake, "Leta viti, posa imefika." Mimi siku zinakwisha. Nikamwambia Mwalimu, basi tuchomeke kwanza ule wa Byera, tusikie. Akaniangalia kwa huruma. Ule wa Byera alikuwa ameshaukata. Mgomba wake mmoja ulikuwa umeelemewa na mkungu, akaufungia kwenye nguzo. "Ndiyo kazi inayoufaa," akasema, na akataka nikautazame jinsi alivyofunga vizuri.

Nilimtukana Kihaya na Kiswahili. Alisubiri nimalize, akasema, "Sauti yako ya juu bado ni safi, Mae."

Jumamosi, mkesha wa ibada, ndipo alipochagua. Mweusi, mrefu, mnene kama kamba ya ng'ombe. Wa kwanza kabisa aliokuwa ameonyeshwa siku ya kwanza! Bi Zuhura alimfungia, ila alinitazama mimi kama mtu anayetoa rambirambi.

Akaja akafunga. Sitamnyima haki yake: spika ziliposema, nyumba ilipata pumzi. Kwaya moja ikaimba humo, nikasikia mpaka mate yakimezwa. Hata mimi nilikaa chini. Kisha akaziba mdomo wa televisheni yenyewe huko ndani ya vitufe vyake, ili ile sauti yake ya kopo isichanganyike na hii. Waya ulikuwa unavuka sebule nzima. Akasema unaharibu sura ya nyumba, wageni watajikwaa. Mimi sebuleni kwangu hutandaza nyasi wageni wakija, kama alivyofanya mama. Basi akaupitisha chini ya nyasi, akazilaza juu yake vizuri, akasimama mlangoni akajisifu. "Nani atajua kama kuna waya hapa?"

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililotuua.

Jumapili asubuhi wakaja wanawake wenzangu, vikongwe wa simu za tochi, wasioweza tena kupanda kilima cha kanisani. Ma Adela, jirani yangu wa upande wa juu, alikuja mapema kunisaidia. Akazitazama nyasi, akasema zimesinyaa, si za kutazamia mtu akibarikiwa. Alikuja na fungu jipya mgongoni. Mimi nilikuwa chumbani nikijifunga kitambaa. Akafagia za zamani zote, akazikusanya kwa mikono miwili, akazipeleka kwenye migomba kama tunavyofanya siku zote, zikawe matandazo. Akatandaza mpya. Ikapendeza kweli. Mwalimu naye akafika, akakaa karibu na spika zake.

Nikabonyeza kitufe cha Byera. Kanisa la Dodoma likajaa ukutani kwangu. Nikamwona Kemi katika kanzu nyeupe, tukapiga vigelegele. Kisha tukanyamaza tusikie, na hakukuwa na cha kusikia. Watu wanaimba, midomo imeachama kama samaki.

"Mwalimu!"

Akapiga magoti, akaanza kupapasa nyasi. Akapapasa sebule nzima. "Waya uko wapi? Waya ulikuwa hapa!" Akaichukua rimoti aizibue televisheni mdomo. Akabonyeza, kanisa likatoka, yakaja maandishi. Akabonyeza tena, ikaja mechi ya mpira. Wanawake wakapiga kelele, Ma Adela akampokonya rimoti, tukahangaika mpaka kanisa likarudi. Hapo tukaapa asiiguse mtu. Byera hakupokea simu, alikuwa ndani ya ibada ileile, nilimwona kwa macho yangu kwenye benchi la pili.

Basi tukakaa tunamtazama Kemi bila sauti. Mimi machozi ya hasira yananitoka. Na Mwalimu amesimama katikati ya nyasi, mikono imening'inia.

Ndipo akaanza. Ibada ile aliijua kwa kichwa tangu alipokuwa akiimbisha kwaya kwenye zile za wanaume. Alimtazama askofu midomo, akasema maneno ya askofu. Kwaya ilipoinuka, akaimba wimbo wao, maana aliutambua kwa jinsi walivyovuta pumzi. Vikongwe wakamfuata. Kisha nikamwona Kemi anasogea mbele. Askofu akamuuliza. Mwalimu akauliza kwa sauti yake, sebuleni kwangu, yule aliyesema madhabahuni hapana. Midomo ya Kemi ikafunguka. Na Mwalimu akajibu kwa niaba yake, polepole, amefumba macho: "Ndiyo, kwa msaada wa Mungu."

Ma Adela alilia. Wote walilia. Wakasema baadaye hawajawahi kuona jambo zuri kama lile. Mimi nikasema wazi na leo nasema tena: nilitaka sauti ya mjukuu wangu, sikutaka ya Mwalimu. Na yeye alifumba macho palepale pa kutazamwa. Mimi sikuyafumba. Niliona midomo ya Kemi ikifunguka, ikasimama, ikafunguka tena. Kusimama kule kulikuwa nini? Kukwama, au kuvuta pumzi?

Mchana Ma Adela akakumbuka. "Kulikuwa na kamba nyeusi kwenye nyasi. Nikadhani ya mbuzi." Mwalimu akaenda kwenye migomba, akarudi na waya, kichwa kimoja kimeng'oka. Nikangoja aombe radhi. Akaukung'uta udongo, akasema, "Waya ulikuwa mzuri. Ni nyasi."

Kemi alipopiga simu nikamuuliza, "Ulijibu vizuri, mjukuu wangu?" Akasema, "Nilijibu, Bibi." Huyo naye angesema nini kingine?

Mwaka huu Mwalimu ameishiwa nguvu. Miguu imevimba, kifua kimebana, binti yake amemchukua kwake Izigo, Muleba. Krismasi Kemi alikuja likizo, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba twende tukamwone. Alikuwa amekuja na mkoba wake mdogo wa chakula cha Bwana. Nikamwonya njiani. "Atakukataa yule. Ana kichwa." Akasema, "Akikataa nitamwimbia tu."

Tulimkuta kitandani, mifupa na macho. Alinisalimu kwa kuniambia kitambaa changu kina rangi mbaya. Kisha akautazama mkoba, akamtazama Kemi na ile kola shingoni. Binti yake akashika mlango, mimi nikashika fimbo.

"Umekuja kufanya kazi au umekuja kukaa?" akamuuliza.

"Ukiniruhusu, Mwalimu, nifanye kazi."

"Basi fanya. Usianze juu, chumba ni kidogo."

Kemi akaanza wimbo, juu. Mwalimu akainua kidole. "Shuka, Mchungaji." Akasema hivyo, Mchungaji, kama vile hajawahi kumuita jina jingine, na hakuna aliyethubutu kushangaa. Kemi akashuka. Nikaisikia sauti yake ikijaza kile chumba, sauti ya mama yake kabisa, na nyonga yangu nikaisahau.

Kisha akachukua mkate, akamwinamia. Hapa hapaimbwi, panasemwa. "Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, u, u, u..."

Likakwama. Nikaliona jasho lilelile kwenye paji la uso. Nikafungua mdomo nimsaidie, neno lenyewe nalijua, lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Mwalimu hakugeuza kichwa. Aliniinulia kiganja, kama anavyoinulia sauti ya pili inayotaka kuingia mapema.

"Mae, nyamaza. Si zamu yako."

Akangoja, amefumbua macho, kinywa wazi. Binti yake akangoja. Mimi nikang'ata ulimi wangu.

"Uliotolewa," akasema Kemi, "kwa ajili yako."

"Amina," akasema Mwalimu, akala.